Sheria Zangu na Shamba la Shangazi

Shuleni kwetu Chanika, Handeni, chai hunywewa saa nne, na kwa miaka kadhaa mimi na mwalimu wa hesabu tuliitumia nusu saa ile kuitengeneza nchi upya. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi. Mmoja anataja jambo linalomkera, mwenzake anatunga sheria ya kulimaliza, na sharti lilikuwa moja tu: sheria isiwe ya kubembeleza. Hatukutaka kamati wala semina. Tulitaka kitu cha kung'oa na mizizi yake.

Maji ya Handeni yalipokatika juma la pili mfululizo, yeye alitunga kwamba kila kiongozi aoge kwa dumu moja, na dumu lenyewe akalichote kwa mkono wake baada ya kupanga foleni. Mimi nikatunga kwamba mtoto wa kila mkubwa asome kwenye shule yenye choo kibovu kuliko vyote, mpaka choo kitengenezwe. Siku nyingine tuliamua kwamba mwezi mmoja kila mwaka watu wabadilishane kazi: daktari afagie wodi, mfagiaji akae ofisini kwa daktari. Mwalimu wa hesabu akauliza mgonjwa wa mwezi huo atatibiwa na nani. Nikamwambia asubiri, kwani siku zote huwa anafanya nini? Tukacheka, kengele ikalia, nikaingia kidato cha pili kufundisha Uraia, ngazi za serikali za mitaa, kwa sauti ya mtu anayeamini.

Nasema haya ili ieleweke kwamba jambo lililotokea kwetu Korogwe halikunikuta sina mawazo. Nilikuwa nayo mengi. Nilichokosa ni mahali pa kuyajaribu, na nilipopapata sikujiuliza mara mbili.

Kwetu ni kambini, ng'ambo ya mto kutoka Old Korogwe, kwenye nyumba za mistari walizojengewa wakata mkonge. Babu yangu alikuja kutoka mbali kama manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka akazeeka, na sisi wajukuu tukabaki hapohapo, Waislamu kwa Wakristo, hatujui vizuri lugha ya alikotoka, tunajua Kizigua cha majirani na Kiswahili cha wote. Mama yangu alikuwa Mshambaa wa Dindira. Ndoa ilipomshinda alirudi kwao kwenye baridi na chai. Baba akaenda mjini kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta. Nililelewa na shangazi, dada yake baba, mjane asiye na mtoto.

Shangazi alikuwa na shamba bondeni. Watu wengi wa kambi waliruhusiwa kulima vipande pembezoni mwa mkonge, mahindi na mihogo ya kula, kwa sharti la kutopanda miti, maana anayepanda mwembe huja akadai na ardhi. Vipande hivyo vilikuwa juu, kwenye mawe. Cha shangazi peke yake kilikuwa chini karibu na mto, ekari moja ya udongo mweusi ambao hata kiangazi ukiuchimba kidogo unakuta unyevu. Alipanda mahindi mara mbili kwa mwaka, mchicha, nyanya, na mpunga kwenye kona inayotuama maji. Ada yangu ya sekondari na ya chuo ilitoka pale, kwa beseni la kichwani mpaka sokoni Korogwe. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini yeye alipewa kule chini. Mimi niliona ni haki yake kwa kuwa alikuwa mchapakazi, kama ambavyo mtoto huona kila alichokikuta nyumbani ni haki.

Mkonge ulikufa kidogokidogo. Kwanza mishahara ilichelewa, kisha kiwanda kikanyamaza, kisha majani hayakukatwa tena na milingoti ya maua ikasimama kila mahali. Baadaye tukasikia kwamba sehemu ya ardhi, upande wetu wa kambi, inarudishwa kwa kijiji ili wananchi wagawiwe. Shangazi akanipigia simu.

"Njoo likizo," alisema. "Wanatafuta katibu wa kamati, na wanaojua kuandika hapa wote wana ndugu wa kumpendelea."

"Na mimi je? Wewe si ndugu yangu?"

"Wewe ni mwalimu," alisema, kana kwamba hilo linamaliza undugu.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala kuukuu la katani, na mimi nikapewa daftari la katibu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzigua mnene mwenye sauti ya upole, alipendekeza njia iliyozoeleka: anayelima mahali abaki hapo, ardhi iliyobaki waombe wanaotaka, kamati ipitie maombi. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mimi nilijua maombi yatatoka wapi. Nje ya ghala yalikuwa yameegeshwa magari matatu ya watu wa mjini ambao siku zote hizo hawakujua kambi iko upande gani.

Nikasimama. Nilipendekeza ardhi yote ikatwe vipande sawa vya ekari moja, na kila mtu mzima aliyezaliwa au anayeishi kambini aokote karatasi yenye namba kwenye debe. Si kila kaya, kila mtu. Mke na chake, mume na chake. Na niliposema ardhi yote nilimaanisha yote, pamoja na inayolimwa sasa. Pasiwe na kuuza, kukodisha wala kubadilishana, hata na ndugu, kwa sababu wajanja hupenda sana kuingilia kwenye undugu. Mwenye kipande alime kwa mkono wake mwenyewe, na akikiacha msimu mzima kinarudi kijijini. Na kila baada ya miaka mitano karatasi zirudi kwenye debe tuokote upya, ili asiwepo mtu wa kuzaliwa bondeni na mwingine wa kuzaliwa kwenye mawe.

Kisha mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa ameegemea fimbo yake mlangoni, akauliza, "Na ng'ombe wangu nao wanaokota karatasi?"

Watu walicheka sana, lakini niliandika, na hatimaye tuliacha njia pana ya ng'ombe kwenda mtoni, ambayo mpaka leo ndiyo sehemu ya mpango ule isiyo na malalamiko. Mama mmoja akasema kama mke ana shamba lake na mume lake, basi siku ya mke kupalilia mume apike. Wanawake wakapiga makofi. Wanaume wakaomba hoja ile isubiri kikao kingine, na bado inasubiri.

Walibishana mpaka adhuhuri, na kilichowashika zaidi hakikuwa haki wala usawa. Ilikuwa ni namna ya kuzuia wizi kwenye debe. Mmoja alisema karatasi inaweza kukunjwa kwa alama. Mwingine akasema basi mwokotaji afungwe macho. Wakajaribu kwa kanga, mwenyekiti akafungwa yeye, akaulizwa vidole vingapi, akajibu sawasawa mara tatu. Kanga ikaonekana haifai. Kikaletwa kitenge kizito cha mke wake, kikakunjwa mara mbili, na mwenyekiti akashindwa kumwona hata aliyekuwa anamkanyaga. Wakaridhika. Nilipoomba walio tayari wanyooshe mikono, mikono ilikuwa mingi kuliko nilivyotegemea. Watu wa magari walitoka nje kupiga simu.

Shangazi alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha. Alinyoosha mkono mapema kabisa. Nilidhani hakuelewa.

Jioni, tukila bada, ugali wa muhogo, na samaki wa mto, nilimweleza taratibu. "Shangazi, unajua hata lile la bondeni linaingia kwenye debe?"

"Nimesikia. Masikio yangu hayajaoza."

"Unaweza kulikosa."

"Kila mtu anaweza kulikosa," alisema, akanisogezea mchuzi.

Nilimpigia mwalimu wa hesabu nikamweleza, nikitegemea sifa. Akauliza vipande ni vingapi na vya bondeni ni vingapi. Nikamwambia kwamba bondeni hakuna kingine cha kufanana na kile. Nikamsikia anaandika. "Basi umeshamnyang'anya shangazi yako," alisema. "Kilichobaki ni sherehe tu."

Ningeweza kurudi nyuma. Kulikuwa na wiki mbili kabla ya siku ya debe, na mwenyekiti angenisikiliza. Sikurudi, na sababu naijua, hainipendezi. Nilitaka nionekane sina upendeleo. Kuna raha fulani mbaya katika kutompendelea ndugu yako mbele za watu, na mimi niliionja raha ile. Nilijiambia kwamba haki isiyomuumiza mtu wako wa karibu bado ni maneno ya saa nne wakati wa chai. Aliyekuwa aumie, hata hivyo, hakuwa mimi. Mimi nilikuwa na mshahara.

Nilipoandika orodha ya majina nilijiruka. Shangazi, ambaye anasoma kwa shida lakini anasoma, alipitisha kidole kwenye karatasi mpaka mwisho, akauliza jina langu liko wapi.

"Mimi naishi Handeni, shangazi."

"Umezaliwa chumba hiki hapa. Sheria yako inasema aliyezaliwa. Jiandike."

Nikajiandika, ili nisionekane naipindisha sheria.

Siku ya debe watu walikuja wamevaa kama siku ya Idi. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuwa akifunga kitenge, na kila mwokotaji akishavua anaisoma namba yake, kisha mimi naitaja kwa sauti na kuionyesha kwenye ramani tuliyochora kwa mkaa ukutani. Kazi ilikwenda vizuri mno. Kijana mmoja alipata kipande penye kichuguu kikubwa, akapewa pole ya mzaha. Mke na mume waliokuwa hawasemezani walipata vipande vinavyopakana, na ghala zima likashangilia.

Shangazi alipofika aliinamisha kichwa afungwe, akaingiza mkono, akatoa karatasi ya kwanza aliyoigusa. Wengine walikuwa wakikoroga debe zima. Namba yake ilikuwa juu kabisa, kilimani, kwenye visiki vya mkonge na changarawe. Niliitaja kwa sauti. Nilijivunia kwamba sauti haikutetemeka, na leo naona aibu kwa kujivunia kule. Yeye akaenda ukutani, akaangalia mahali pake, akasema, "Ahsante," kwa nani sijui.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wa mwisho. Giza la kile kitenge lilinuka moshi na mafuta ya nazi. Nilitoa karatasi, nikafunguliwa macho, nikaisoma, na nikashindwa kuitaja. Mwenyekiti akaichukua mkononi mwangu akaitaja yeye. Ilikuwa ni bonde. Ilikuwa ni shamba la shangazi.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akakikatisha katikati. Kisha sauti nyuma ikasema, "Katibu kajipa bonde!" Kelele zikapanda. Mwenyekiti, ambaye sijawahi kumwona akipandisha sauti, alipandisha. "Jamani wagosi, nani kamfunga macho? Si mimi? Mnasema mimi mwizi?" Wakatulia, maana kitenge walikipima wenyewe.

Nilisema nalirudisha. Mwenyekiti akafungua daftari, akanisomea mwandiko wangu: kipande kilichorudishwa kinasubiri kuokotwa na kijana atakayefikia utu uzima au mgeni atakayehamia. Nikasema basi nibadilishane na shangazi. Akafungua ukurasa unaofuata. Sikumwacha asome, niliujua. Niliuliza kama kuna njia yoyote, na watu wakanitazama kwa subira, kama darasa linavyomtazama mwalimu aliyesahau somo lake.

Kesho yake asubuhi shangazi aliniamsha, akavaa vile anavyovaa kwenda msibani, akanipeleka bondeni kunikabidhi. Hilo ni jambo la kwetu, shamba halibadilishi mkono kimyakimya. Anayetoka humtembeza anayeingia mipaka yote minne, kwa miguu, na kumwambia yanayojulikana. Alinionyesha kona inayotuama maji wakati wa masika. Alinionyesha kima wanapoingilia na saa zao. Alisema mahindi yaliyosimama ni yake mpaka avune, na akaniomba muda wa kuvuna, kwa adabu, kama anayeongea na mtu asiyemfahamu.

"Shangazi, usiniombe."

"Shamba ni lako. Nimwombe nani?"

Nililia. Sikulia kwa sababu ya haki wala sheria, nililia kwa sababu aliniita "mwalimu" mara mbili katika mazungumzo yale, badala ya mwanangu. Akanipa ncha ya kanga yake nijifute. "Usilie shambani," alisema. "Watu wanapita."

Mwaka ule nilijifunza kulima, na sikujifunza vizuri. Kila Jumamosi alfajiri nilipanda basi la Korogwe kutoka Handeni, nikavuka mto, nikashuka bondeni na jembe. Nilifikiria kuacha, kipande kirudi kijijini, lakini hapo kingekwenda kwa mgeni, na jambo hilo sikuliweza. Mikono ilinitoka malengelenge mpaka nikashindwa kushika chaki. Mahindi yangu yalikuwa membamba kwenye udongo ambao shangazi alikuwa akitoa magunia. Waliopita njia ya ng'ombe walisimama kunitazama. "Mwalimu, unapalilia au umedondosha sindano?" aliniuliza yule mzee mfugaji, na hakusubiri jibu.

Kutoka pale chini nilikuwa namwona shangazi kilimani. Kisiki cha mkonge hakitoki kwa jembe. Unakizungushia mtaimbo, unakitikisa, unakata mizizi, unakitikisa tena, na mwisho unakivuta umekaa chini huku miguu umeikaza. Kwa siku alitoa vinne au vitano. Alikuwa amekwishapita umri wa kazi hiyo. Mgongo ulianza kumsumbua, akakonda, nguo zikamlegea mabegani. Msimu mzima alivuna mbaazi kidogo na mihogo ya kutengeneza makopa yasiyojaza gunia. Nilipompelekea mchicha kutoka bondeni aliupokea kama anavyopokea wa jirani yeyote, na siku mbili baadaye akanirudishia mbaazi kwenye bakuli lilelile. Nilikuwa namuua kwa usawa, na kila mtu kambini aliliona hilo.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyesema nitunge sheria nyingine. "Si ndiyo kazi yako?" Tulikaa siku kadhaa tukiiandika, safari hii bila kucheka. Ilisema kwamba mtu aliyepita umri fulani aruhusiwe kubadilishana kipande na mtu wa damu yake, mara moja tu, mbele ya mkutano. Tuliifunga kila upande ili wajanja wasipite. Ilikuwa sheria nzuri. Niliionea fahari kuliko zote nilizowahi kutunga.

Mkutano wa mwaka ulipofika niliisoma kwa sauti. Sikumtaja mtu, lakini hakuna aliyehitaji kutajiwa. Watu walikuwa wamelainika. Hata yule aliyepiga kelele siku ya debe alisema anaunga mkono, mama wa watu anateseka mno kule juu. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kunyoosha mikono.

Shangazi akasimama. Alishikilia nguzo ya ghala kwa sababu ya mgongo.

"Mimi siitaki," alisema. "Mkinionea huruma mimi leo, mwakani atakuja wa kumwonea huruma mwenye gari. Mtamnyima vipi? Iacheni sheria kama tulivyokubaliana."

Akakaa. Mwenyekiti alihesabu mikono, na ilikuwa michache. Nani angenyoosha, mwenyewe akiwa amekataa? Nilikunja karatasi yangu. Nilimchukia shangazi wakati ule, kweli nilimchukia, kwa ukaidi wake na kwa kunidhalilisha mbele ya watu niliowafundisha maana ya usawa. Nilitoka bila kumsubiri. Alinikuta njiani, karibu na kiwanda kilichonyamaza, nimekaa juu ya jiwe.

"Unataka kufa kilimani," nilimwambia, "ili watu waseme ulikuwa na msimamo?"

Hakukasirika. Alikaa kando yangu kwa taratibu, akashikilia goti mpaka maumivu yakapita.

"Unajua mume wangu alikufaje?"

"Kazini. Korona."

"Korona, ndiyo," alisema. Korona ni mashine ya kiwandani inayosaga jani la mkonge zibaki singa. "Ile mashine ilikuwa haina kizuizi, kilitolewa wiki nzima wakaambiwa wafanye kazi tu. Ikamchukua mkono mpaka begani. Hakufika hospitali. Wenzake wakataka kwenda kushtaki, wakaja kwangu, kwamba mjane akisema neno lake litasikika. Asubuhi yake nyapara mkuu akaja na jembe jipya. Akanitembeza bondeni, mipaka yote minne. Akasema, lima hapa, hakuna atakayekugusa."

Alikigeukia kiwanda, akaendelea.

"Sikwenda kusema. Wenzake wakashindwa, wawili wakafukuzwa. Kizuizi hakikurudishwa. Mwaka uliofuata ile mashine ikamkata mkono mtu mwingine, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa ananiamkia kwa mkono wa kushoto kila asubuhi, mpaka akafa. Hakunisema hata siku moja. Nilikuwa natamani anitukane."

Sikuweza kumtazama. Nilifikiria beseni la nyanya, sare zangu za shule, daftari, sanduku la bweni. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa peke yake, mchanga, hana mtu, na kwamba kosa halikuwa lake. Yote hayo ni kweli na yote anayajua.

"Nilikusomesha kwa shamba lile na sijuti," alisema. "Lakini lile nililipata kwa kunyamaza. Hili la juu nimelipata nimefungwa macho mbele ya watu wote, kama wao. Hakuna niliyemnyang'anya. Nikiwa kule nalala usingizi. Mwanangu, usinirudishe bondeni."

Akaegemea bega langu kujiinua, akachukua mtaimbo wake pale alipouegemeza ukutani kwa kiwanda, akapanda kilima. Bonde ni langu mpaka karatasi zitakaporudi kwenye debe. Jumamosi nitakwenda kulipalilia.